Mwongozo Kamili wa Kuandaa Hafla ya Chakula cha Hisani kwa Ajili ya Afya ya Mama na Mtoto Mchanga

Wageni wengi wa hafla za hisani huondoka ukumbini wakiwa wanajua kiasi kilichotangazwa jukwaani, lakini ni wachache wanaopata kujua kiasi kilichofika wodini. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayoonyesha kama hafla ilitimiza kazi yake au ilikuwa sherehe tu, na tofauti hiyo huamuliwa miezi kadhaa kabla ya jiko la kwanza kuwashwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa hafla ambayo wapishi hupika, wageni hulipia, na kinachobaki hununua huduma kwa akina mama wanaojifungua na watoto wao. Mfano unaotumika ni hafla ya wageni 200 katika mji wa Tanzania wenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wasomaji wa Kenya na kwingineko watabadilisha majina ya ofisi na baadhi ya vyakula, lakini mpangilio wa kazi utabaki huohuo.

Hatua ya kwanza: anzieni wodini kabla ya kufikiria ukumbi

Miezi minne kabla ya tarehe mnayoifikiria, watu wawili au watatu wa kamati waende hospitalini kuonana na mganga mfawidhi, kisha waombe kuzungumza na muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi na wa wodi ya watoto wachanga. Swali la kuuliza si «mngependa tuwaletee nini», kwa kuwa swali hilo huzaa orodha ndefu isiyo na mwisho. Swali lenye manufaa ni hili: katika mwezi uliopita, ni kitu gani kilikosekana siku ambayo mama au mtoto alikihitaji?

Majibu mtakayopata mara nyingi si ya vitu vikubwa. Mtasikia habari za kipima oksijeni kimoja kinachozunguka kati ya vitanda, za mfuko wa kupulizia hewa ambao barakoa yake ya saizi ya mtoto njiti imepotea, au za mashine ya kuzalisha oksijeni iliyofunikwa kitenge pembeni mwa wodi kwa sababu kichujio chake hakipatikani. Kifaa hicho cha mwisho kitazameni kwa makini, kwa sababu huenda kililetwa na kamati kama yenu.

Ni vyema pia mkaelewa tarakimu za nchi, kwa kuwa mtazihitaji mtakapozungumza na wachangiaji. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umekadiria 556. Huo ni upungufu mkubwa sana. Vifo vya watoto wenye umri chini ya siku 28, hata hivyo, vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 na kufika 24 tu katika kipindi hichohicho. Kwa maoni yangu, kamati ndogo yenye fedha za wastani ina sababu nzuri ya kuelekeza nguvu zake kwa mtoto mchanga, hasa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia.

Yapo mambo matatu ambayo hafla moja inaweza kuyagharamia na matokeo yake yakaonekana. La kwanza ni huduma ya kangaruu, ambapo mtoto hufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hiyo ianze mara tu baada ya mtoto njiti kuzaliwa na iendelee kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama hawezi kukaa hivyo juu ya benchi la mbao. Anahitaji kitanda kinachoinuka upande wa kichwani au kiti cha kuegemea, pamoja na kanga au nguo maalumu ya kumfungia mtoto. La pili ni kukabili utokaji wa damu baada ya kujifungua. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko wenye vipimo unaotandikwa chini ya mzazi, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara dalili zinapoonekana, kulipunguza madhara makubwa ya utokaji wa damu kwa asilimia 60. Mfuko huo ni kipande cha plastiki, na msingi wake ni kwamba damu iliyokadiriwa kwa macho mara nyingi hukadiriwa pungufu.

Jambo la tatu husahauliwa, nalo ndilo linaloshabihiana zaidi na hafla ya chakula. Mama wa mtoto njiti anaweza kulazwa kwa wiki kadhaa akimnyonyesha au kumkamulia maziwa, na katika hospitali nyingi za umma chakula chake huletwa na ndugu. Aliyetoka kijiji cha mbali hana wa kumletea. Mfuko wa kuwalisha akina mama hao milo mitatu kwa siku kwa mwaka mzima ni lengo linaloeleweka hata kwa mchangiaji asiyejua jina la mashine yoyote.

Chagueni lengo moja, likizidi mawili, kisha muombe hospitali iliandike kwa barua. Kama ni kifaa, barua itaje aina, idadi, nani atakitumia na nani atakitengeneza. Vifaa tiba nchini Tanzania vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hivyo msikubali msaada wa mashine kutoka nje kabla ya mfamasia au mhandisi wa vifaa tiba wa hospitali kuthibitisha kwamba inaruhusiwa, kwamba inatumia umeme wa volti 230, na kwamba vipuri vyake vinapatikana. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu, itaungua siku ya makabidhiano.

Hatua ya pili: amueni umbo la hafla

Hafla ya chakula cha hisani inaweza kuwa chakula cha jioni cha kukaa mezani, chakula cha mchana cha familia, au hafla ya kuonja, ambapo wapishi kadhaa hukaa kila mmoja kwenye meza yake na wageni hupita wakionja kidogo kidogo. Umbo hili la tatu limetumiwa kwa miaka mingi na shirika la March of Dimes la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1938 na Rais Franklin D. Roosevelt kupambana na ugonjwa wa kupooza. Jina lake linatokana na sarafu za senti 10 ambazo wananchi waliombwa kuzituma Ikulu ya nchi hiyo. Chanjo ya ugonjwa huo ilipopatikana mwaka 1955, shirika liligeukia afya ya watoto wanaozaliwa na kasoro na wanaozaliwa kabla ya wakati, na katika hafla zake wapishi wa mji mmoja hukusanyika, hupika vyakula vyao vinavyowatambulisha, kisha mnada hufuata.

Ninapendekeza hafla ya kuonja kwa sababu tatu. Kila mpishi au mgahawa hubeba gharama ya chakula chake, na hiyo ni nafuu kubwa kwa kamati. Wageni husimama, hutembea na kuzungumza, jambo linalosaidia mnada baadaye. Na mpishi mmoja akichelewa au chakula chake kikiharibika, hafla haisimami. Ubaya wake ni foleni: meza yenye pweza wa nazi itajaa watu huku meza ya mchicha ikiwa tupu, kwa hiyo panueni nafasi kati ya meza na msiweke vyakula viwili vinavyopendwa sana upande mmoja wa ukumbi.

Hatua ya tatu: kamati, akaunti na vibali

Watanzania wana uzoefu mkubwa wa kamati za harusi, na uzoefu huo ni mtaji. Hata hivyo, kamati ya harusi ina uhuru wa kutumia kila kilichochangwa, ilhali kamati ya hisani inatunza fedha za mtu mwingine. Kwa hiyo iwe ndogo, watu saba hadi tisa wanatosha, na awepo mwenyekiti, katibu, mhazini, msimamizi wa jiko, msimamizi wa kadi, msimamizi wa wafadhili, na mtu mmoja wa fani ya afya, muuguzi mkunga akipatikana. Mhazini asiwe ndugu wa mwenyekiti. Hili haliandikwi katika sheria yoyote, lakini maswali litakayoyazuia ni mengi.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakitakiwa kusaini kila malipo, na muombe lipa namba kwa jina la hafla au la taasisi inayoisimamia. Michango isipitie namba ya simu ya mtu binafsi hata kwa siku moja. Kama kundi lenu halijasajiliwa, ni rahisi zaidi kufanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa tayari, iwe asasi, parokia, msikiti au klabu ya kijamii, kuliko kuanza usajili wenu katikati ya maandalizi.

Kuhusu vibali, pelekeni barua ofisi ya mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi wa halmashauri mkieleza lengo, tarehe, mahali na namna ya kukusanya fedha, na mwambatanishe barua ya hospitali. Mwiteni afisa afya mapema ili aone jiko na athibitishe kwamba wapishi na wahudumu wamepimwa afya zao. Kumwita kabla ni bora kuliko kumwona amefika mwenyewe saa kumi na mbili jioni wageni wakiwa mlangoni.

Hatua ya nne: bajeti inayoanza na kinachobaki

Tuseme mnauza kadi 200 kwa shilingi 60,000 kila moja, na zote zinalipwa. Mapato ni shilingi milioni 12. Sasa tuseme kamati inanunua kila kitu: ukumbi milioni 2, vyakula milioni 3.2, vinywaji milioni 1, muziki, vipaza sauti na mshereheshaji milioni 1.5, mapambo laki 9, kadi na mawasiliano laki 4. Jumla ni milioni 9. Kinachobaki kwa ajili ya wodi ni milioni 3, yaani robo tu ya alichotoa mgeni, na ikiwa kadi 50 hazikulipwa hakuna kinachobaki hata kidogo, kwa kuwa kadi 150 ndizo zinazorudisha gharama.

Chukueni hafla hiyohiyo, lakini ukumbi umetolewa bure, vinywaji vimetolewa na mfanyabiashara wa jumla, mapambo ni maua na majani ya bustani za wanakamati, na kwenye muziki mmebaki na laki 4 za vipaza sauti. Gharama zinashuka hadi milioni 4, kadi 67 zinatosha kuzirudisha, na milioni 8 zinabaki, yaani theluthi mbili ya mapato. Bei ya kadi haikupanda, na idadi ya wageni haikubadilika. Tarakimu hizi ni za mfano, na bei za mji wenu zitakuwa tofauti, lakini fanyeni hesabu hii kwa namna zote mbili kabla ya kuchapisha kadi hata moja. Wekeni pia kanuni ndani ya kamati kwamba gharama zisizidi theluthi moja ya mapato, na mhazini awe na mamlaka ya kukataa ununuzi unaoivunja. Mapambo ndiyo mahali kanuni hii huvunjwa kwanza.

Hatua ya tano: wafadhili wa kukubali na wa kukataa

Ombeni vitu kabla ya kuomba fedha. Mwenye mashine ya kukoboa atatoa mchele kwa urahisi kuliko atakavyotoa hela, mwenye bucha atatoa nyama, na msambazaji wa gesi atawaazima mitungi. Kila kilichotolewa kiandikwe kwenye daftari kikiwa na thamani yake ya sokoni, ili kionekane katika taarifa ya mwisho na mtoaji aandikiwe barua ya shukrani inayotaja kiasi.

Kampuni zinazouza maziwa ya kopo ya watoto wachanga zisipokelewe, hata zikiahidi kulipia hafla nzima. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama, iliyopitishwa mwaka 1981, ilitokana na madhara ya matangazo ya bidhaa hizo kwa wazazi, Tanzania ina kanuni zake, na Kenya ilitunga sheria kamili mwaka 2012. Hafla inayochangia wodi ambako wauguzi wanahimiza unyonyeshaji haiwezi kutundika bango la maziwa ya kopo mlangoni. Kampuni za pombe na sigara nazo nazikataa, ingawa katika hili najua kamati nyingine zina msimamo mwepesi zaidi.

Hatua ya sita: menyu yenye maana

Hapa ndipo hafla hii inapoweza kujitofautisha na chakula cha harusi. Karibu kila jamii yetu ina chakula cha mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, na vyakula hivyo havionekani hotelini. Wachaga humpikia mzazi mtori wa ndizi na nyama. Pwani kuna uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Wakikuyu wa Kenya humpa njahi, ile maharage nyeusi yenye mstari mweupe. Waombeni wapishi sita hadi wanane, wengine wa hoteli na wengine akina mama wenye sifa mtaani, kila mmoja apike chakula cha mzazi cha kwao, kisha mezani pawekwe maelezo mafupi ya chakula hicho na nani humpikia mzazi katika jamii ile. Wageni watasoma, watabishana kuhusu nani anapika mtori wa kweli, na watakuwa wameingia kwenye mada ya hafla bila hotuba.

Ongezeni vyakula viwili au vitatu vinavyojulikana ili asiyependa kujaribu asibaki na njaa: pilau, samaki wa kupaka, na boko boko la ngano na nyama, ambalo Zanzibar na Oman wanalipika kwa namna inayokaribiana. Vitafunio vya mwisho viwe kaimati na mkate wa kumimina. Wekeni walau vyakula viwili visivyo na nyama, hakikisheni nyama yote ni halali, na mwandike wazi kwenye kila meza palipo na karanga, maziwa, mayai au samaki.

Kipimo cha kuonja kinawasumbua wapishi waliozoea sahani za harusi. Kwa mgeni atakayepita meza nane, gramu 100 za pilau iliyoiva zinatosha, ambazo ni takriban gramu 40 za mchele mkavu. Kwa wageni 200 hiyo ni kilo 8, na mkiongeza kidogo kwa tahadhari ni kilo 9, pamoja na kilo 10 za nyama isiyo na mfupa. Mpishi aliyezoea kuhesabu kilo moja kwa watu wanane ataleta kilo 25, na kilo 16 za ziada zitaishia kwenye ndoo. Mtori ukigawiwa kwa vikombe vya mililita 150 unahitaji lita 30 tu. Nunueni vibakuli na vikombe vidogo vya aina moja, mvikabidhi kwa wapishi wote, kwa maana kifaa cha kugawia ndicho kinachodhibiti kipimo.

Mtori wenyewe unahitaji maelezo kidogo kwa sababu ndio unaoharibika kwa urahisi katika hafla. Mifupa na nyama huchemshwa kwanza kwa muda mrefu mpaka nyama ilainike, ndizi mshare zilizomenywa huingia kwenye supu hiyohiyo na kuchemka hadi zivurugike, kisha husagwa kwa mwiko kwa kupiga ukutani mwa sufuria. Shida ni kwamba ukikaa huwa mzito na kushika chini. Mpishi aache lita tano za supu ya mifupa pembeni ikiwa bado inachemka, na kila baada ya robo saa aongeze upawa mmoja na kukoroga kutoka chini. Akiongeza maji baridi, mtori hupoteza ladha na pia joto lake hushuka, jambo ambalo ni hatari zaidi.

Hatua ya saba: usalama wa chakula

Hakuna kitakachoumiza hafla ya afya ya mama na mtoto kuliko wageni kuharisha kesho yake, na miongoni mwa wageni wenu watakuwamo wajawazito. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzijoto 60 na cha baridi chini ya nyuzijoto 5. Katikati ya hapo vijidudu huongezeka haraka. Nunueni vipimajoto viwili vya kuchomeka kwenye chakula, mmpe msimamizi wa jiko, naye azunguke meza zote kila nusu saa akiandika kipimo kwenye karatasi. Chakula kilichokaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili kiondolewe, bila kujali kimetoka kwa mpishi gani.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka na kisha huzaliana wali unapopoa polepole. Kwa hiyo pilau isipikwe asubuhi na kuachwa sufuriani hadi jioni. Ipikwe mchana, ipaliwe makaa juu ya mfuniko na moto mdogo chini, kisha iingie ukumbini ingali inatoa mvuke. Tui la nazi halivumilii joto la mchana wa pwani, hivyo nazi zikunwe na kukamuliwa siku hiyohiyo. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, kwa maji salama, na watu wasioshika nyama mbichi. Barafu itengenezwe kwa maji ya kunywa, maana barafu ya soko la samaki imewahi kuonekana ndani ya jagi la juisi. Maziwa yasiyochemshwa yasiingie kabisa, hata kama mtindi wake ni wa sifa.

Sabuni na maji ya kunawia yawepo upande wa jikoni na upande wa wageni. Mpishi au mhudumu mwenye kuhara, homa au kidonda mkononi abaki nyumbani.

Hatua ya nane: kadi na mawasiliano

Kadi zianze kuuzwa wiki nane kabla. Watu wamezoea kadi ya singo na ya dabo, na utaratibu huo ubaki, ila ongezeni meza ya watu kumi kwa ajili ya ofisi na vikundi vya akina mama. Kila kadi iwe na namba, na daftari la msimamizi wa kadi lioneshe nani ameichukua na lini ameilipia. Kadi iliyochukuliwa kwa ahadi irudishwe kama haijalipiwa siku kumi kabla ya hafla. Kamati hushindwa hapa kwa aibu, kwani kumdai mtu mzima anayeheshimika si jambo jepesi, kwa hiyo tangazeni tarehe hiyo tangu mwanzo ili iwe ya wote.

Ujumbe wa kualika uwe na sentensi tatu: nini kitanunuliwa, kwa hospitali ipi, na kiasi gani kati ya bei ya kadi kitafika huko. Picha za akina mama waliolazwa na za watoto njiti wenye mipira puani zisitumike. Mama aliyelazwa hawezi kukataa kwa uhuru anapoombwa na watu waliokuja na msaada, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Picha ya kitanda kitupu cha huduma ya kangaruu inatosha kueleza kinachotafutwa.

Hatua ya tisa: jioni yenyewe

Ratiba ya saa tatu inatosha. Wageni wapokewe saa kumi na mbili na nusu jioni, meza zifunguliwe saa moja kamili, na kwa saa nzima waachwe wale. Saa mbili usiku mkunga au muuguzi wa wodi azungumze kwa dakika saba, aeleze kazi yake ya kawaida, na akiweza aonyeshe kifaa chenyewe. Nimeona ukumbi wenye kelele ukinyamaza pale muuguzi alipomimina lita moja ya maji yenye rangi nyekundu juu ya shuka, akawauliza wageni wakadirie ni kiasi gani, na wengi wakataja nusu yake. Viongozi wasizidi wawili kuzungumza, na kila mmoja apewe dakika tano.

Mnada ufuate mara moja, kabla vitafunio vitamu havijatolewa, kwa sababu wageni wakishapata kaimati huanza kutafuta funguo za magari. Vitu vitano au sita vinatosha. Keki ni desturi yetu na haikosi mnunuzi, lakini vitu vinavyopanda bei zaidi ni huduma ambazo haziuzwi dukani, kama vile mpishi aliyesifiwa jioni hiyo kwenda nyumbani kwa mshindi kupikia watu wanane. Bei ianzie chini ili wengi wajaribu, na mnadi awe mtu anayejua kucheka na watu bila kuwadhalilisha.

Baada ya mnada, fungueni uchangiaji wa moja kwa moja kwa viwango vilivyo na maana: gharama ya milo ya mama mmoja kwa wiki, gharama ya kiti kimoja cha kangaruu, gharama ya kipima oksijeni kimoja. Viwango hivyo vitokane na bei halisi mlizoletewa na wauzaji. Lipa namba iandikwe kwa herufi kubwa ukutani na juu ya kila meza, na wahudumu watatu wapite wakisaidia wenye kulipa papo hapo. Ahadi zipokelewe kwa fomu yenye jina, kiasi na tarehe, lakini mhazini asizihesabu kama mapato. Kinachotangazwa jukwaani kiwe fedha iliyoingia, na ahadi zitajwe kando.

Chakula kilichobaki na ambacho kipimajoto kinaonyesha kimekaa salama kinaweza kugawiwa usiku huohuo kwa wahudumu na walinzi. Kisipelekwe kwa wagonjwa.

Hatua ya kumi: kutoka akaunti hadi wodini

Siku inayofuata, watu watatu wahesabu fedha taslimu pamoja, wasaini, na ziingie benki. Ndani ya wiki mbili ahadi zifuatiliwe kwa simu, kisha ununuzi uanze kwa kulinganisha bei za wauzaji watatu, mhandisi wa vifaa tiba akiwapo. Tengeni asilimia 10 ya kiasi cha vifaa kwa ajili ya vichujio, betri na matengenezo. Kama lengo ni chakula cha akina mama, ni salama zaidi kuingia mkataba na mama lishe au jiko la karibu linalokaguliwa na afisa afya, mkilipia kwa idadi ya milo iliyosainiwa na muuguzi wa zamu kila jioni.

Makabidhiano yafanyike kwa hati inayotaja namba ya kila kifaa, isainiwe na mganga mfawidhi pamoja na mwakilishi wa halmashauri, na vifaa viingizwe kwenye daftari la mali la hospitali siku hiyohiyo. Muuzaji abaki saa chache akiwafundisha wauguzi wa zamu zote, pamoja na wale wa usiku, kwa maana watoto wengi huzaliwa usiku na ndio muda ambao mtu wa kuulizwa hayupo.

Taarifa ya mwisho iwe ya ukurasa mmoja: mapato, thamani ya vilivyotolewa bure, gharama, kilichobaki, kilichonunuliwa, na ahadi ambazo hazijalipwa bila kutaja majina. Itumwe kwa kila aliyenunua kadi ndani ya siku 60, hata kama kiasi ni kidogo kuliko kilivyotarajiwa. Miezi sita baadaye, wawili wa kamati warudi wodini bila sherehe wala kamera, waulize kila kifaa kilipo na nani alikitumia mara ya mwisho. Iwapo kipo kilichosimama kwa kukosa kichujio au betri, fedha zilizotengwa kwa matengenezo zitumike wiki hiyohiyo, na matumizi hayo yaongezwe kwenye taarifa na kutumwa tena kwa wachangiaji.